Kumbukumbu Chini ya Kumbukumbu

Mtu aliyewasha kompyuta iitwayo Commodore 64 kwa mara ya kwanza alipokewa na kioo cha televisheni chenye rangi ya buluu, na juu yake maneno machache ya Kiingereza. Mtambo ulimwambia kwamba kumbukumbu yake ni 64K. Kisha, katika mstari uo huo, ulimwambia kwamba baiti zilizo huru kwa kazi yake ni 38,911. Baiti ni nafasi ya kuwekea herufi moja au namba moja ndogo. Na 64K maana yake ni baiti 65,536, kwa kuwa K moja katika hesabu ya kompyuta ni 1,024 wala si 1,000. Basi kila ajuaye kutoa aliweza kuona papo hapo kwamba baiti 26,625 hazikuwapo. Mnunuzi alikwisha kuzilipia. Jina la mtambo lenyewe lilizitangaza. Zilikwenda wapi?

Kompyuta hii ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Las Vegas, Marekani, mwezi wa Januari 1982, na ikaanza kuuzwa mwezi wa Agosti mwaka ule kwa dola 595. Haikuwa mashine ya ofisi wala ya chuo kikuu. Iliwekwa juu ya meza za nyumbani, ikaunganishwa na televisheni ya jamaa nzima, na waliokaa mbele yake usiku kucha aghalabu walikuwa vijana wa umri wa wasomaji wa kitabu hiki. Vijana hao ndio walioing'ang'ania hesabu ile isiyokamilika, wakaitafuta mpaka wakaipata.

Ili tupate kuifuata njia yao, yafaa kwanza tujue jinsi kompyuta inavyokifikia kitu kilichowekwa ndani ya kumbukumbu yake. Chipu ifanyayo hesabu na kutoa amri huitwa prosesa. Prosesa ya Commodore 64 ilikuwa na jina la 6510, nayo ilikuwa ndugu mdogo wa 6502, chipu iliyoushangaza ulimwengu mwaka 1975 kwa kuuzwa dola 25 tu. Katika ubavu wa prosesa hiyo hutoka nyaya 16 za anwani. Kila waya waweza kuwa katika hali mbili, yaani una umeme au hauna. Na hali mbili zikizidishwa zenyewe mara 16 hupatikana anwani 65,536, kuanzia 0 hata 65,535. Mfano wake ni nyumba ya posta yenye masanduku 65,536 yaliyopigwa namba. Barua yoyote iandikiwayo sanduku la namba kubwa kuliko hiyo haina pa kwenda, si kwa sababu mwenyewe hayupo, bali kwa sababu namba yenyewe haiandikiki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Uhaba ule haukuwa uhaba wa kumbukumbu. Ulikuwa uhaba wa namba.

Wachoraji wa Commodore walijaza masanduku yote 65,536 kwa kumbukumbu ya kuandikwa na kufutwa, ile iitwayo RAM. Walakini kompyuta haiwezi kuamka kwa RAM peke yake, maana RAM husahau kila kitu umeme unapozimwa. Yahitaji pia kumbukumbu ya kudumu, ROM, ambayo maneno yake yametiwa kiwandani na hayafutiki. Commodore 64 ilikuwa na ROM ya 20K: 8K za lugha ya BASIC, ambayo kwayo mtumiaji aliamrisha mashine, 8K za programu kuu iliyoitwa KERNAL, iliyosimamia kibodi, kioo na kaseti, na 4K za maumbo ya herufi. Tena zilikuwako chipu za picha na za sauti, ambazo nazo zilidai anwani zake. Vitu vyote hivi vilitaka kukaa katika posta ambayo masanduku yake yalikuwa yamekwisha.

Sasa twaweza kufanya hesabu. BASIC ilitwaa anwani za 8K. KERNAL ilitwaa 8K. Chipu za picha na sauti zilitwaa 4K. Kulikuwa na 4K nyingine zilizokuwa huru kabisa, lakini zilikaa ng'ambo ya BASIC kama shamba lililotengwa na mto, na programu ya BASIC haikuweza kuvuka kuzifikia. Chini kabisa 2K zilichukuliwa na daftari za mashine yenyewe pamoja na kioo. Jumla yake ni 26K, yaani baiti 26,624. Na ile moja iliyobaki? Ni sifuri moja ambayo BASIC huiweka mbele ya programu, katika anwani ya 2,048. Hivyo 26,625 zimetimia, na hakuna hata moja iliyoibwa. Kuna watu walioliona tangazo la 64K kuwa ni uongo. Mimi siliiti uongo, ila tangazo lilisema nusu ya habari na kumwachia mnunuzi aitafute nusu ya pili.

Nusu ya pili ni hii. RAM iliyokuwa katika anwani za BASIC haikuondolewa; ilikuwa mahali pale pale, chini ya BASIC. Sisi tunayajua haya katika posta zetu, ambamo sanduku moja la shule hupokea barua za mwalimu mkuu, za walimu na za wanafunzi mia tatu. Namba ni moja, wenyewe ni wengi, na lazima awepo mtu wa kuamua barua hii ni ya nani. Ndani ya Commodore 64 kazi ya karani huyo ilifanywa na chipu moja ndogo. Kila prosesa ilipotaja anwani, karani alitazama amri aliyopewa, akamruhusu mmoja tu ajibu: ama ROM ama RAM. Amri yenyewe iliandikwa katika anwani ya 1, karibu na mwanzo kabisa wa kumbukumbu yote, na mashine ilipoamka namba iliyokuwamo ilikuwa 55. Mtu akiandika 54, BASIC hutoweka na RAM iliyo chini yake hutokea. Akiandika 53, BASIC na KERNAL hutoweka pamoja. Akiandika 52, hata chipu za picha na sauti hufichwa, na mashine huwa RAM tupu kutoka mwanzo hata mwisho: 64K kamili, kama tangazo lilivyosema.

Lakini mwanafunzi aliyeketi mbele ya kioo na kuandika amri ya kutia 54 katika anwani ya 1 aliona jambo la kusikitisha. Mashine ilikufa. Na ingewezaje kuishi? Aliiamrisha BASIC ijiondoe yenyewe. Ikaondoka, na hapakuwa na mtu wa kusoma amri iliyofuata.

Dawa ya ugonjwa huu ni mojawapo ya mambo mazuri niyajuayo katika historia ya mashine hizi. Karani wetu alikuwa na desturi moja: prosesa iliposoma anwani ya BASIC, alimpa ROM, lakini prosesa ilipoandika katika anwani hiyo hiyo, na kwa kuwa ROM haiandikiki, karani alilipeleka neno lile chini, katika RAM. Basi vijana waliandika mstari mmoja wa programu ambao kwa msomaji asiyejua huonekana kuwa upuuzi mtupu: kuanzia anwani 40,960 hata 49,151, soma kilichomo, kisha kiandike mahali pale pale. Nani angetoa maji mtungini ayarudishe katika mtungi huo huo? Walakini mtungi ulikuwa mmoja kwa jina tu. Kusoma kulitoka juu na kuandika kulikwenda chini. Baada ya kama dakika moja, BASIC yote ilikuwa imenakiliwa katika RAM. Hapo ukiandika 54 katika anwani ya 1, ROM huondoka, na pacha wake huendelea na kazi pasipo kusita hata kidogo.

Tofauti ni kwamba huyu pacha aweza kurekebishwa. Kila Commodore 64 ilipomaliza amri iliandika neno READY, yaani tayari, pamoja na nukta mbele yake. Herufi tano na nukta moja hufanya nafasi sita, nazo zilikaa katika anwani 41,848 hata 41,853. Neno letu TAYARI lina herufi sita. Laenea pale bila kuzidi wala kupungua. Mtu akitia humo namba 84, 65, 89, 65, 82 na 73, mashine iliyotengenezwa Marekani humjibu kwa Kiswahili kila amalizapo amri. Sidai kwamba wachoraji wake waliliwaza jambo hilo.

Kuificha BASIC kulikuwa mchezo wa wanaoanza. Aliyetaka nafasi ya kutosha, mathalan mwandishi wa mchezo mkubwa au wa programu ya kuandikia barua, alilazimika kuacha lugha ya BASIC, akaandika kwa lugha ya prosesa yenyewe, na kuificha hata KERNAL. Na hapo alikutana na hatari iliyo kubwa zaidi, kwa sababu haikuonekana.

Mara 60 kwa kila nukta moja ya saa, saa ndogo iliyo ndani ya mashine huikatiza prosesa. Huiambia iache kazi iliyo mkononi, ikatazame kibodi kama kuna kitufe kilichobonyezwa, kisha irudi. Prosesa hujuaje pa kwenda inapokatizwa? Husoma anwani mbili za mwisho kabisa, 65,534 na 65,535, ambamo mahali pa kwenda pameandikwa. Anwani hizo mbili zimo ndani ya KERNAL. Sasa fikiri, msomaji, kwamba programu imeificha KERNAL kwa kitambo kidogo tu, ili ichukue picha iliyowekwa chini yake. Katika kitambo hicho saa ikapiga. Prosesa hukimbilia anwani zile mbili, nayo badala ya njia hukuta vipande vya picha. Huvisoma kama njia, kwa sababu prosesa haina haya wala shaka. Huenda zinakoelekeza, na huko hutekeleza chochote inachokikuta, kana kwamba ni amri. Kioo huganda. Kibodi haijibu. Hakuna lililobaki ila kuuzima mtambo, na yote ambayo hayajawekwa katika kaseti au diski hupotea.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halikutokea kila mara. Programu yaweza kupita mara 10 salama, kwa kuwa saa haikupiga katika kitambo kile. Mara ya 11 ikaanguka. Kijana aliyeandika kazi ya majuma matatu aliweza kuionyesha kwa rafiki zake bila dosari, na siku ya pili ikaanguka mbele ya macho yao pasipo neno hata moja kubadilishwa. Kinga ilikuwa amri moja fupi ya kuizuia saa kabla ya kuificha KERNAL, na amri nyingine ya kuiachilia baada ya kuirudisha. Hata hivyo kulikuwa na kitufe kimoja, kilichoitwa RESTORE, ambacho kinga hiyo hakikuijali. Kilikuwa na njia yake ya kukatiza isiyozuilika, na njia hiyo nayo ilipitia anwani za mwisho ndani ya KERNAL. Wenye busara waliandika katika RAM iliyo chini njia ya kurudi salama, endapo kidole cha mtu kitateleza.

Palikuwa na mahali pagumu kuliko pote. Kuanzia anwani 53,248 walikaa wapangaji watatu chini ya namba moja: chipu za picha na sauti, ROM ya maumbo ya herufi, na RAM. Tena hapa desturi ya karani ilibadilika. Maadamu chipu zilikuwa wazi, kuandika kulikwenda kwa chipu wala hakukushuka katika RAM. Aliyeitaka RAM ya hapo ilimpasa azifiche chipu zote, na kwa muda ule hakuweza kusema lolote na kioo wala na sauti. Aliingia chumba cha giza, akatwaa alichokitaka, akatoka upesi.

Hayo yote yalikuwa kwa mashine ambayo kumbukumbu yake ilitoshana na namba. Lakini bei ya chipu za kumbukumbu ilikuwa ikishuka mwaka hata mwaka, na namba hazikuongezeka. Hilo laonekana wazi katika nchi ya Uingereza. Mwaka 1980 kampuni ya Clive Sinclair, iliyokuwa Cambridge, iliuza kompyuta yenye RAM ya 1K tu, nayo ilikuwa fahari ya mwenye nayo. Mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo iliuza ZX Spectrum yenye 48K kwa pauni 175. Mapema mwaka 1986 iliuza Uingereza Spectrum yenye 128K kwa pauni 179 na peni 95. Kwa bei karibu sawa, mnunuzi alipata kumbukumbu karibu mara tatu. Prosesa, ambayo ni Z80 ya mwaka 1976, ilibaki na nyaya zake 16, na anwani zake zilikuwa zile zile 65,536.

Mashine hii haikuanzia Uingereza. Iliuzwa kwanza Uhispania, mwaka 1985. Katika mwaka huo serikali ya Uhispania ilitoza kodi ya peseta 15,000 kwa kompyuta za kigeni zenye kumbukumbu ya 64K au pungufu yake, na hiyo ni sababu nzuri ya kupenda namba 128. Wauzaji wa kampuni nyingine, Amstrad, walikuwa na hila ya kuchekesha: kwa ajili ya soko hilo waliiongezea mashine yao ya 64K chipu ya 8K, wakaiita ya 72K, na kodi ikawapita. Chipu ile haikuunganishwa na kitu. Ilipanda chombo ili ihesabiwe tu.

Spectrum ya 128K haikufanya mzaha kama huo. RAM yake iligawanywa mafungu manane ya 16K, yenye namba kuanzia 0 hata 7. Wataalamu huliita kila fungu benki, ijapokuwa hamna hata senti moja ndani yake. Anwani nazo ziligawanywa sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa ya ROM. Ya pili daima ilikuwa ya benki namba 5, penye picha ya kioo. Ya tatu daima ilikuwa ya benki namba 2. Sehemu ya nne, kuanzia anwani 49,152, ilikuwa dirisha. Katika dirisha hilo benki yoyote kati ya zile nane iliweza kutokea, programu ilipopeleka namba yake katika mlango wa 32,765.

Kwa wachezaji wa michezo faida ilikuwa kubwa. Programu nyingi ziliuzwa katika kaseti, na kuzijaza 48K kutoka kaseti kulichukua dakika nne na zaidi. Mwenye mashine ya zamani, alipofuzu hatua moja ya mchezo mrefu, alilazimika kuiendesha tena kaseti na kungoja. Mwenye mashine mpya alingoja mara moja mwanzoni. Hatua zote, na muziki pia, zilikaa katika benki zao zikisubiri kuitwa.

Kwa mwandishi wa programu, taabu ilikuwa ya namna mpya. Mlango wa 32,765 ulipokea amri lakini haukujibu swali. Uliweza kuuambia ufungue benki namba 6. Hukuweza kuuliza ni benki gani iliyo wazi sasa. Kwa hiyo mashine ilikuwa na daftari, anwani moja namba 23,388, ambamo kila apelekaye amri mlangoni alipaswa kwanza kuandika nakala yake. Saa ya Spectrum ilikatiza mara 50 kwa kila nukta, nayo yaweza kupiga kati ya kuandika daftarini na kupeleka mlangoni. Hivyo ilibidi izuiwe. Kadhalika prosesa huweka katika rundo anwani za mahali inapopaswa kurudi baada ya kila kazi ndogo. Rundo hilo likiwa dirishani, na benki ikabadilishwa, njia za kurudi huondoka pamoja na benki, na prosesa hubaki ugenini isijue kwao. Na kulikuwa na swichi moja katika mlango ule ule ambayo, ikiwashwa, iliufunga mlango wenyewe. Baada ya hapo hapakuwa na amri iliyosikilizwa mpaka mashine ianzishwe upya. Iliwekwa kwa ajili ya programu za zamani za 48K, zisije zikaugusa mlango kwa bahati mbaya. Lakini aliyeiwasha kwa kukosea hesabu alipotelewa na benki zake zote isipokuwa zile zilizo wazi.

Ajabu ni kwamba tatizo hili lilikuwa limekwisha kutatuliwa zamani. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua kompyuta iitwayo Atlas, kubwa ya kujaza vyumba, ambayo ilileta mafungu ya kumbukumbu na kuyaondoa yenyewe bila mwandishi wa programu kushughulika nayo. Programu ilitaja anwani, na Atlas ilitafuta kitu kilipo. Gharama yake ndiyo iliyozuia akili hiyo isifike mezani nyumbani. Miaka 20 baadaye, kazi ambayo Atlas iliifanya kwa mitambo yake ilifanywa na kijana kwa kichwa chake na kipande cha karatasi kando ya kibodi, ambacho juu yake ameandika benki gani iko wapi.

Mwaka 1985 zilitokea kompyuta za nyumbani zenye prosesa ya anwani za biti 24, kama Amiga na Atari ST, na kwao namba zilizidi milioni 16. Haja ya karani ilipungua kwa ghafula. Simu zilizomo mifukoni mwa watu leo hufuata njia ya Atlas: programu hupewa anwani zisizo za kweli, na simu huzigeuza kwa siri kuwa za kweli, mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu, na anayeandika programu hajui wala hahitaji kujua.

Commodore ilifilisika mwaka 1994, lakini mashine zake nyingi zinawaka hata leo, na ziko programu za kuziiga kwa atakaye kujaribu haya pasipo kuwa na mtambo wenyewe. Nakili BASIC chini, andika zile namba sita, tia 54 katika anwani ya 1, na neno TAYARI litatokea juu ya kioo cha buluu. Litadumu maadamu umeme unadumu. Ukizima na kuwasha, namba 55 hurudi mahali pake, ROM hujitokeza tena, na mashine husema READY.